Garini Hafi Mtu

Jumatatu, 7 Oktoba

Zamu ya asubuhi. Nimekagua gari kabla ya saa moja. Mitungi miwili ya oksijeni imejaa. Mashine ya kufyonza makohozi inafanya kazi ukiipiga kofi. Glovu za saizi yangu hakuna, kama kawaida. Nimevaa kubwa.

Dereva wangu ni Ndahani, Mgogo wa Ihumwa, miaka hamsini na sita, na tuna mwaka wa nne pamoja kwenye gari la wagonjwa. Leo amefuta kioo cha mbele kwa gazeti huku akinisimulia mbuzi wake mmoja mmoja, tabia zao na ukoo wao. Nikamwambia mtu aliyekulia mlenda hawezi kumaliza hadithi, inavutika tu kama mboga yenyewe. Akanijibu kuwa Mhaya akinyamaza dakika mbili ujue anaumwa, na kwamba ananiangalia kwa karibu.

Wametuletea wauguzi wawili wapya. Nimewafundisha yale yasiyomo kwenye kitabu. La kwanza, ndugu wa mgonjwa asikae bure. Mwambie aongee na mgonjwa ili asilale. Mwenye kazi hapigi kelele. La pili, lugha yetu na dereva. Nikigonga kioo cha nyuma yake mara mbili, akaze mwendo. Nikigonga mara tatu, apunguze, hakuna haraka tena. La tatu ni la Ndahani mwenyewe: garini hafi mtu. Anayetangaza kifo ni daktari, tena hospitalini. Mgonjwa akikata roho njiani, king'ora hakizimwi, mpira wa kumpumulisha hauachwi, ndugu haambiwi neno. Zamani ndugu mmoja aliambiwa, akafungua mlango gari likiwa kwenye mwendo. Tangu hapo ndiyo sheria yetu.

Nilisema kwa majivuno. Wakaandika.

Mgonjwa mmoja tu leo, mjamzito. Amejifungulia mlangoni mwa wodi. Ndahani anadai mtoto apewe jina lake. Ni wa kike.

Alhamisi, 10 Oktoba

Tulipeleka mitungi Mpwapwa asubuhi. Tukaambiwa turudi Dodoma na mgonjwa wa rufaa.

Elisha. Miaka ishirini na sita. Wa milimani, Kibakwe. Alikuwa amekaa juu ya magunia ya vitunguu kwenye lori, lori likayumba, likaanguka naye. Damu imejaa tumboni. Chupa moja ya damu ya kuongezewa, imeisha kabla ya Kongwa. Baba yake amesafiri naye. Mzee Yeremia. Mrefu, kimya, kofia mkononi. Nikamwambia: Baba, ongea naye, asilale.

Akaongea.

Tumefika saa tisa na robo alasiri. Daktari ametangaza kifo palepale mlangoni. Imeandikwa amefariki hospitalini. Nimesaini.

Mkono wa kulia unauma mpaka begani. Nimekula wali baridi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mapumziko. Nimefua. Nimeanika. Nimeanua, nikafua tena shuka ambazo zilikuwa safi.

Mwanangu Koku ana miaka saba na hakuna kinachompita. Ameniuliza, mama unaminya nini? Nikatazama. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unafunga na kufungua wenyewe juu ya meza. Nikamwambia nakanda unga. Hatuna unga.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani sikukaa mpaka mwisho. Nimerudi nyumbani Ipagala kwa miguu. Sasa niandike sawasawa, maana haya hayasomwi na mtu.

Elisha hakufia hospitalini.

Mapigo yalianza kupotea tulipoiacha Kongwa. Nilikandamiza kifua. Nilichoma dawa. Nilifanya kila nilichofundishwa, hapo sijilaumu. Mzee aliniuliza kwa macho, nikamjibu: Namsaidia kupumua, baba. Wewe endelea kuongea naye. Kabla ya kutokea barabara kuu pale Mbande kuna korongo lenye daraja fupi. Kiangazi hiki ni mchanga mtupu. Tulipofika hapo mboni zilikuwa zimepanuka na hazijali taa. Nikajua. Nikagonga mara tatu. Ndahani akapunguza mwendo palepale darajani. King'ora kikaendelea kulia.

Kutoka korongoni mpaka hospitali ni saa nzima kwa mwendo ule. Saa nzima nimeminya mpira kwenye mdomo wa maiti. Na saa nzima mzee ameongea naye.

Aliongea Kigogo. Miaka minne hapa na Kigogo changu hakivuki salamu ya "mbukwa". Nilishika jina tu, Elisha, Elisha. Alianza kwa sauti ya chini, ya mtu asiyezoea kuongea. Ikapanda. Ikakauka. Nikampa maji, akanywa, akaendelea. Mahali fulani aliingiza mkono chini ya shuka akaushika mkono wa mwanawe. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa hukohuko kwenye kifundo cha mkono wake, unatafuta mapigo kwa mazoea tu. Akatushika wote wawili, vidole vya mwanawe na vyangu. Akakaza. Nikadhani ameelemewa. Nikamminya kidogo, kumpa pole.

Akalia. 

Ile kazi nilimpa mimi. Sikumwambia kwamba imekwisha.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimemuuliza Ndahani yule mzee alikuwa anasema nini. Yeye alisikia yote, kiti chake na cha mzee vinatenganishwa na kioo tu, na kioo chenyewe hakifungi.

Amejibu huku akitazama mbele. "Yale maneno si yako, Sista. Wala si yangu. Ni ya Elisha."

Nikamwambia Elisha hakuyasikia.

Akawasha gari.

Wiki nzima hajanitania. Hata utani wa Wahaya na senene zao hakuna. Ningependa anitanie.

Jumanne, 22 Oktoba

Semina ya msongo wa mawazo. Amekuja dada mmoja mpole kutoka chuoni, na karatasi yenye maswali ishirini. Je, unapata usingizi? Je, unakasirika bila sababu? Je, kuna tukio linalokurudia? Tumejaza wote, madereva na wauguzi, hapana, hapana, hapana, mpaka chini. Ndahani alinakili kwangu waziwazi kama mtihani wa darasa la nne.

Dada ametushukuru kwa uimara wetu. Tumepewa soda na sambusa.

Mkono wa kulia nilikuwa nimeukalia. Nilijaza kwa kushoto. Herufi zimepinda na hakuna aliyeona.

Jumamosi, 26 Oktoba

Safari nne. Wote wazima. Sikumwambia ndugu yeyote aongee na mgonjwa. Neno lenyewe linakataa kutoka.

Ijumaa, 1 Novemba

Nimefanya jambo la aibu.

Mgonjwa wa kisukari, mtaa wa pili na kwangu. Amezimia nyumbani. Mkewe amepanda naye, na yule muuguzi mpya niliyemfundisha mwenyewe akamwambia mama, ongea naye, asilale. Mama akaanza. Baba Jeni, baba Jeni, unanisikia, nimeacha mlango wazi, jirani ataangalia. Maneno ya kawaida kabisa. Nilikuwa natafuta mshipa, na nikasikia sauti yangu inasema: Nyamaza, hakusikii.

Mama akaacha katikati. King'ora tu.

Dripu ilipoingia kidogo mgonjwa akafumbua macho. Akasema, polepole, "Namsikia. Mwache."

Mkewe hakunitazama mpaka tunashuka. Alikwenda moja kwa moja kwa Matroni, na ni haki yake.

Matroni ameniita. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Ameniuliza nina nini. Nikasema sijambo. Akasema mficha maradhi, akaishia hapo. Mwisho wake naujua. Amenipa siku tatu nipumzike. Nikasema sizihitaji. Akasema hajauliza.

Jumapili, 3 Novemba

Siku ya pili ya mapumziko. Nimelala mchana. Naota mpira hauna hewa.

Dada wa kazi amepika mlenda, nikacheka peke yangu, halafu nikashindwa kuula.

Jumatatu, 11 Novemba

Mzee Yeremia amekuja.

Nilikuwa naosha sakafu ya gari. Nikasikia hodi. Yeye, kofia mkononi vilevile, na kiroba cha karanga begani. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Ndahani alikuwa ameinamia injini. Alipoisikia sauti akainua kichwa, wakaamkiana kwao, mbukwa, mbukwa, kirefu. Kisha Ndahani akarudi kwenye injini ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Amekuja kunishukuru. Ametoka Kibakwe alfajiri kwa basi ili anishukuru. Naandika tena ili niamini.

Amenieleza kwa Kiswahili chake cha kuchagua neno moja moja. Yeye na Elisha walikuwa hawaongei tangu Pasaka. Nyumba moja, sahani mbalimbali. Mimi ndiye niliyemfungua mdomo. Asingethubutu. "Uliniambia ongea naye. Nikaongea. Nilimwambia yote. Nikamwambia, kama umenisamehe, niminye mkono. Akaniminya."

Akanyoosha mkono wake, akautazama.

"Nimezika mtoto tuliyepatana. Wengi hawapati hiyo."

 Mkono uliomminya nauona hapa, umeshika kalamu ya pili niliyoichukua bila sababu. Wa kushoto.

Halafu akaleta ombi. Kwao mtu akifia mbali na nyumbani, ukoo huchukua udongo wa pale alipokatia roho, ukauzika karibu na kaburi lake. Bila hivyo, anasema, mtu anabaki njiani. Sijui kama ni desturi ya wote au ya ukoo wake tu. Wamepanga Jumamosi ya tarehe thelathini, kabla ya mvua, maana yeye hataingiza jembe shambani mpaka hilo liishe. Cheti kinasema hospitalini. Kwa hiyo nimwoneshe mahali.

Palikuwa na nafasi ya kusema. Kubwa, kama mlango. Ndahani aliacha kugonga spana, najua alikuwa anasikiliza.

Nimemchukua mzee mpaka kwenye mlango wa dharura, nikanyoosha kidole. Hapa, baba. Pale ni matofali ya saruji. Hakuna udongo, kuna vumbi tu kwenye viungo, pale tofali linapokutana na tofali. Mzee alipiga magoti. Akatoa kisu kidogo, akakwangua kiungo kimoja, cha pili, cha tatu, watu wanampita na machela. Mlinzi alitaka kumfukuza, nikamzuia. Alichukua kama robo saa kupata kiganja kimoja. Ndani yake kulikuwa na kizibo cha soda, akakitoa kwa heshima akakiweka kando. Akafunga kwenye kitambaa cheupe.

Ameniachia karanga. Ameniachia na namba ya simu ya mchungaji wao, kama nikipenda kuja hiyo tarehe thelathini. Amesema nitakaribishwa kama mtoto wa nyumbani.

Jumanne, 12 Novemba

Ndahani hakunisalimia. Ameendesha mpaka Ihumwa bila neno, tumemchukua mgonjwa, tumemshusha hospitalini. Halafu amepaki kando ya ukuta, akazima gari, akanieleza bila kuulizwa.

Elisha alitaka kuja mjini kufanya kazi za ujenzi. Mzee alikataa. Shamba lina nani mwingine? Wakagombana tangu Pasaka. Asubuhi ile kijana alipopanda juu ya magunia, mzee alisimama barabarani, akamwambia mbele ya watu: Ukiondoka na lori hilo usirudi kwangu. Lori halikufika mbali. Mzee alilisikia likianguka.

Hayo ndiyo aliyokuwa anayaombea radhi. Nilikufukuza kwa mdomo wangu, alisema. Sasa nakuita kwa mdomo huohuo.

Nikamuuliza ilikuwa wapi aliposema habari ya kuminya mkono. Ndahani anaijua ile barabara tuta kwa tuta. Akasema Buigiri.

Buigiri ni mbali sana baada ya korongo.

Nikamwambia mkono ulikuwa wangu. Ndahani akaweka paji la uso kwenye usukani. Amesema mtu mmoja tu ndiye aliyeiweka ile sheria ya garini hafi mtu, na ni yeye, na aliiweka kwa sababu alikuwa amechoka kusikia watu wakilia nyuma yake. Ile habari ya ndugu kufungua mlango, kweli ilitokea. Lakini gari lilikuwa limesimama.

Miaka minne nimefundisha watu hiyo habari.

Jumatatu, 18 Novemba

Mawingu jioni, kisha yameondoka.

Nimejipangia hoja zote. Nikinyamaza, mzee anazeeka na amani yake. Nani atadhurika? Udongo ni udongo. Elisha hana habari. Nikisema, namnyang'anya mtoto mara ya pili. Ni hoja nzuri. Nikizimaliza nazianza upya, na hilo ndilo linalonionesha kwamba hazifai.

Angekuwa amekuja kuniuliza kama mwanawe alimsikia, pengine ningenyamaza mpaka kufa. Aliniuliza wapi. Swali jepesi, lenye jibu moja, na nikamwacha apige magoti akwangue vumbi la viatu vya watu.

Karanga bado ziko jikoni. Koku anazila. Mimi hapana.

Alhamisi, 21 Novemba

Ndahani: "Mvua ikinyesha milimani, lile korongo linapita maji. Linabeba kila kitu."

 Nimejua alichokuwa anasema.

Jumapili, 24 Novemba

Nimepiga simu. Mchungaji alikwenda kumwita mzee, nikasubiri, nikasikia kuku na watoto. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi. Sikuyatumia. Nikasema: Baba, ule udongo si wenyewe. Mimi ndiye niliyekukosesha. Njoo Mbande Jumatano, nikuoneshe mahali.



Akauliza basi la saa ngapi.

Jumatano, 27 Novemba

Ndahani aliomba ruhusa, mimi niko zamu ya mapumziko. Tumekwenda kwa gari la shemeji yake. Mzee alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi la duka, kitambaa cheupe kwenye mfuko wa shati. Salamu zake zilikuwa fupi. 

Darajani tukashuka. Joto kali, mawingu mazito upande wa Mpwapwa. Nilimweleza bila kuzunguka. Kwamba hapa ndipo Elisha alipokata roho. Kwamba nilijua. Kwamba niligonga kioo, na huyu akapunguza mwendo, na tukaendelea kupiga king'ora mpaka mjini. Kwamba mpira nilikuwa naminya bure. Kwamba nilimwacha aongee.

Mzee alitazama barabara, upande wa Kongwa na upande wa Dodoma. Nilimwona anaipima. Midomo ilikuwa inacheza, anarudia maneno, anayapanga kando ya barabara, haya kabla, haya baada. Yaliyobaki upande wa kabla yalikuwa machache. Ndahani aliniambia baadaye: kabla ya daraja mzee alikuwa amefika tu kwenye kumuuliza kama anasikia baridi.

Kisha akauliza. "Na mkono?"

Nikasema, ulikuwa wangu, baba. Sikujua unasema nini. Nilidhani nakupa pole.

Hakupiga kelele. Ningejua la kufanya kama angepiga kelele. Alisimama tu, mrefu vile, kisha akaninyooshea mkono wake wa kulia.

"Minya."

Sikuelewa. Akarudia. Nikaushika kwa mkono wangu wa kushoto, nikauminya kidogo, vilevile kama siku ile.

Akafumba macho.

"Ee," akasema. "Ndio huo."

Akaniachia.

Alishuka korongoni peke yake. Akapiga magoti kwenye mchanga chini ya daraja, na akaanza kuongea. Kutoka mwanzo. Sauti ilifika juu, na Ndahani akanishika kiwiko, akanivuta mpaka mbali kwenye kivuli cha gari. Amesema safari hii hasikii. Tukakaa pale. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Malori yalipita. Jua lilihama.

Alipopanda kitambaa chake kilikuwa na mchanga mpya, mweupe, wa korongo. Ule wa zamani alikuwa ameufunga kwenye kipande cha gazeti. Akaniwekea mkononi.

"Huu ulisema wewe ni wa Elisha. Si wake. Sijui ni wa nani. Kaa nao."

Nikasema nisamehe, baba. Akasema ameomba hivyohivyo kwa mtu ambaye hakumjibu, kwa hiyo ananielewa.  Hakusema habari ya tarehe thelathini, wala mtoto wa nyumbani. Tulimfikisha Mbande. Alipanda basi bila kugeuka.

Sijutii kusema. Najutia saa nzima kutoka korongoni. Ningegonga kioo mara moja tu, gari likasimama, nikamwambia, angekuwa na mwanawe mwili ukiwa bado na joto, na angejua anaongea na nani.

Jumamosi, 30 Novemba

Leo wanazika mchanga. Nimekuwa kazini. Saa nne nilitoka nje ya gari, nikasimama. Ndahani naye alikuwa amesimama upande wa pili.

Jumanne, 10 Desemba

Mvua imenyesha usiku kucha huko milimani. Ndahani amepita Mbande asubuhi. Anasema korongo limejaa mpaka karibu na daraja, maji mekundu, yanapita kwa haraka.

Ijumaa iliyopita tulikuwa na bibi kutoka Chamwino, moyo. Mjukuu wake alikuwa naye. Nikagonga mara tatu, kisha nikafungua kioo nikamwambia Ndahani asimame. Alisimama. Akazima king'ora bila kuambiwa. Nikamwambia yule binti kwamba sina mamlaka ya kutangaza, daktari ndiye atakayeandika, lakini bibi yake ameondoka, na kama ana neno amwambie akijua. Alilia. Alifungua mlango, akakaa kwenye ngazi ya nyuma, mguu mmoja chini. Hakuna kilichovunjika. Akarudi ndani akamfunga bibi kitambaa cha kichwa vizuri.

Dakika kumi. Matroni ametaka maelezo kwa maandishi, kwa nini gari la dharura lilisimama dakika kumi kando ya barabara. Nimeandika mistari miwili. Nilipompa nikabaki nimesimama, nikamwambia na mimi si mzima. Ameandika namba ya yule dada wa chuoni kwenye kipande cha karatasi. Sijapiga. Ninayo.

Wale wauguzi wapya nimewaita. Nimewaambia lile la tatu walifute.

Mkono wa kulia bado unajiminya, hasa nikiwa nimekaa. Koku ameacha kuuliza. Siku hizi anauwekea wake humo ndani, nauminya huo.

Gazeti la udongo lilikuwa juu ya kabati wiki mbili, karibu na chumvi. Leo baada ya zamu nimelichukua. Mlango wa dharura hapakuwa na machela. Nikachuchumaa, nikatafuta vile viungo vitatu, bado vilikuwa na alama za kisu. Nikarudishia udongo kidogo kidogo kwa kidole, nikaushindilia.

Mlinzi aliniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia sijapoteza, narudisha. Akasogeza kiti chake ili nipate nafasi.